Mwewe Wanahesabiwaje? Barua zenu za vuli

Mwezi uliopita niliandika hapa hapa kwamba huko Pennsylvania, Marekani, kuna watu wanapanda mlima kuanzia 15 Agosti mpaka 15 Desemba, wanakaa juu ya mawe wanahesabu mwewe, vipanga na tai wanaohamia kusini kukimbia baridi, na kwamba mimi mwenyewe msimu wa tatu huu napanda nao wikendi nikipata nafasi. Basi jamani mmeniandikia! Barua nyingine ni za kunicheka tu (haina shida, hata mke wangu ananicheka), nyingine zimenikalisha usiku nikitafuta jibu. Nimechukua hizi.

SWALI: Kaka, za kazi. Naishi Lancaster, huko huko Pennsylvania, mwaka wa nne sasa. Wenzangu wa kazini walinipeleka huo mlima wako, tukalipa kiingilio, tukapanda mawe mpaka magoti yanalia, kufika juu nakuta wazee wamekalia mito yao na chupa za chai, kimya kama msibani. Mara mmoja anasema "mmoja juu ya namba nne", wote wanageuza shingo! Namba nne ndo nini? Na lile bundi la kwenye mti ni la nini, maana kwetu bundi, we unajua mwenyewe. (Dada wa Lancaster)

JIBU: Dada, pole na magoti. Hapo ulikuwa Hawk Mountain, kwenye kile kituo cha juu wanachokiita North Lookout, futi 1,521 kutoka usawa wa bahari, yaani kama mita 464. Sasa shida ya angani ni kwamba hakuna mtaa wala namba ya nyumba, ukimwambia mwenzako "yule pale!" atakuuliza pale wapi, na akishaangalia ndege keshapita. Kwa hiyo ile safu ya milima iliyo mbele yako ina vilele vimepewa namba, moja mpaka tano. Ukisikia "juu ya namba nne, anashuka kushoto" basi hata mgeni anaelekeza darubini mahali sawa. Kimya chao si ubaya dada, ni kwamba macho yanafanya kazi na mdomo unapumzika.

Bundi ni plastiki. Halina uganga, ila lina fitina. Vipanga hawampendi bundi kabisa maana usiku bundi mkubwa anawala, sasa wakimuona mchana amekaa tu kwenye mti hasira zinawapanda wanashuka kumshambulia, na wewe uliyekaa chini unamuona kipanga kwa karibu ambako bila bundi angepita mbali kama nukta. Oktoba moja alikuja mmoja usawa wa uso wangu, wale wadogo ambao dume lake halizidi njiwa, nikasikia upepo wa mabawa fyuu! akalipiga lile bundi kichwani kwa kucha, akazunguka, akarudi tena, na macho yake niliyaona vizuri kabisa ya njano, mama mmoja pembeni akaniambia huyo bado kijana, mtu mzima macho yake yanakuwa mekundu. Ameshindana na plastiki mara tatu hivi akaondoka zake kusini.

Na hayo mawe uliyokalia yana historia mbaya. Mwaka 1929 serikali ya jimbo ilitangaza zawadi ya dola 5 kwa kila kipanga mkubwa wa aina ya goshawk atakayeuawa, na watu walikuwa wanapanda pale pale kila vuli na bunduki, wanaangusha kila kinachopita, goshawk au siye, wengine hata dola yenyewe hawaitaki, starehe tu. Mwaka 1932 kijana mmoja anaitwa Richard Pough alikwenda akapiga picha mizoga imepangwa chini kwa mistari. Zile picha zikamfikia mama mmoja wa New York, Rosalie Edge, mama asiyetaka utani, na mwaka 1934 akaukodi mlima wenyewe, baadaye akaununua, akamuajiri Maurice Broun kuwa mlinzi. Broun na mkewe Irma wakaanza kurudisha wawindaji, na huyo Broun akiwa juu kule akaanza kuandika kila ndege aliyepita. Hesabu inaendelea mpaka leo ukitoa miaka mitatu ya Vita vya Pili. Yaani bunduki zikanyamaza, kalamu ikachukua nafasi.

SWALI: Mimi ni mhasibu, Dodoma. Naomba unieleze kitaalamu, mtu mmoja anahesabuje ndege elfu kumi kwa siku moja wakati wanaruka? Si mnabuni tu hizo namba? Kwenye kazi yangu hiyo inaitwa kupika vitabu.

JIBU: Mhasibu, hata mimi siku ya kwanza niliwaona waongo. Anza na hili kwanza. Hawa ndege wakubwa hawapigi mabawa safari nzima, wangefia njiani. Jua likishaipiga ardhi asubuhi, hewa ya moto inapanda juu, wao wanaingia humo ndani wanatanua mabawa wanazunguka zunguka inawapandisha kama lifti, bure, wakifika juu kabisa wanajiachia wanateleza kuelekea kusini kilomita kadhaa mpaka wakutane na lifti nyingine. Sasa wakati wanazunguka ni fujo tupu, kama nyuki waliochokozwa, huyu anaingia yule anatoka, hapo ukihesabu ndo utakuwa unapika. Unasubiri. Wakishafika juu wanatoka mmoja mmoja kwa mstari kama siafu wanaohama, hapo sasa unachagua alama, pembe ya wingu au ncha ya mti, na kila anayeivuka unabonyeza kimashine kilicho mkononi, tik, tik, tik. Wakizidi unabonyeza mara moja kwa kila kumi. Wakizidi tena, kwa kila mia. Na ile kumi huikisii hewani tu, unahesabu kumi wa kweli kwanza, jicho linashika kumi ina urefu gani, halafu unailaza juu ya mstari kama fundi anavyolaza futi kamba. Muuza mchele wa siku nyingi akichota kilo kwa mkono huwa anakosea kidogo sana, ni hivyo hivyo.

Siku kubwa kabisa pale Hawk Mountain kwa mwewe mabawa mapana ilikuwa 14 Septemba 1978, walipita 21,448. Ujue msimu mzima wa kawaida, miezi yote minne, aina zote 16 wanazozizoea pale, ni kama 18,000. Siku moja ikala msimu! Hao mabawa mapana wanahama kwa makundi na wanamalizana katikati ya Septemba, ukienda Oktoba umewakosa, Oktoba unakuta vipanga wadogo, na tai wa dhahabu wenyewe wanasubiri Novemba wakati pua yako inatoa maji na vidole havibonyezi.

Kila saa fomu inajazwa: aina gani, wangapi, upepo unatoka wapi, mawingu, joto, na mko watazamaji wangapi. Hicho cha mwisho watu wanakipuuza na ndicho wewe mhasibu ungekiuliza kwanza, maana macho sita yataona zaidi ya mawili hata kama ndege ni wale wale. Halafu kuna mstari wa "hakutambulika". Huo ndo ninaoupenda mimi. Mwaka wangu wa kwanza nilipiga kelele "TAI!" watu zaidi ya ishirini wakanyanyua darubini, kumbe kunguru. Kunguru, kaka! Anapiga mabawa kabisa, sijui nilikuwa naota nini. Tangu siku hiyo nisipokuwa na uhakika naandika hakutambulika na sioni aibu, na yule mzee anayekaa na mimi ambaye amehesabu pale miaka mingi kuliko umri wangu anauandika mstari huo kila wiki.

Ila swali lako lina kitu kikubwa zaidi. Hii siyo sensa. Hakuna mtu anayesema mwewe waliopo ni elfu kumi na nane, wengine wanapita usipowaona, wengine juu ya wingu, wengine bonde la pili. Kinachopimwa ni wangapi wameonekana kwenye jiwe lile lile, tarehe zile zile, kwa namna ile ile. Mama ntilie wa ofisini kwenu anapima wali kwa bakuli moja tangu aanze biashara. Bakuli siyo kilo. Lakini bakuli zikianza kupungua mwezi baada ya mwezi utajua kuna kitu, mradi tu hajabadilisha bakuli.

SWALI: Mwalimu, shule ya msingi, Voi. Je, hao ndege wa Pennsylvania wanafika kwetu Kenya? Na wanafunzi wangu wanaweza kuhesabu?

JIBU: Mwalimu, wale wa Pennsylvania hapana. Mabawa mapana anashuka kupitia Mexico mpaka Amerika ya Kusini. Hapo Mexico, jimbo la Veracruz, milima inakaribia bahari inabaki njia nyembamba, na ndege hawa hawapendi kuvuka bahari kwa sababu juu ya maji ile lifti ya hewa ya moto haipo ya kutosha, kwa hiyo wote wanabanwa hapo, wanahesabiwa mamilioni kwa vuli moja, yaani zaidi ya sehemu nyingine yoyote duniani.

Wa kwenu wanatoka upande mwingine. Kuna mji unaitwa Batumi, nchi ya Georgia, Bahari Nyeusi upande mmoja na milima ya Caucasus upande wa pili, ni koo lile lile la chupa. Tangu 2008 vijana wa kujitolea kutoka nchi nyingi wanakaa kwenye vilima viwili juu ya vijiji wakiongea kwa redio ili ndege mmoja asiandikwe mara mbili, na kwa vuli moja ndege wanaopita wanavuka milioni. Mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba ni shakivale mla nyigu, ndege wa ukoo wa mwewe, huyo anafukua viota vya nyigu na kula watoto wao, kuna siku wanapita zaidi ya laki moja. Baadaye shakivale wa nyika. Na kule nako bunduki zipo, wenyeji wengine wanawapiga wanakula, kwa hiyo wanaohesabu huwa wanaandika na milio ya risasi.

Wengi wa wale wanaopita mashariki ya Bahari ya Shamu wanakuja kuvukia Bab el-Mandeb, pale Yemen na Djibouti zinapokaribiana. Vuli ya 1987 watu walikaa upande wa Djibouti kuanzia mwanzoni mwa Oktoba mpaka Novemba wakahesabu zaidi ya 240,000, wengi wao shakivale wa nyika na tai wa nyika. Sasa kutoka hapo mwalimu, ramani unaijua wewe.

Na hapa kuna jambo huwa linanichekesha. Sisi tukisema vuli tunamaanisha mvua za Oktoba mpaka Desemba, wao huko vuli ni majani kupukutika. Neno moja. Ndege anaikimbia vuli ya kwao anaifuata vuli ya kwetu, kwa sababu mvua ikishanyesha kumbikumbi wanatoka, na tai wa nyika, tai mzima yule mwenye mabawa ya mita mbili, atatua chini na kutembea kama kuku akidonoa kumbikumbi mmoja mmoja! Waulize wanafunzi wako nani hajala kumbikumbi, basi wana kitu kimoja na tai wa Kazakhstan.

Hapo Voi mnaye na mwingine, kozi wa Amur. Mdogo, uzito gramu 150 hivi, dume la kijivu cheusi, miguu ya rangi ya chungwa. Anatoka Siberia mashariki na kaskazini ya China, anapitia Nagaland huko India, halafu anavuka Bahari ya Hindi moja kwa moja, huyu bahari haimtishi, anaingia Afrika Mashariki na kushuka kusini. Tsavo mnampata Novemba na Desemba akifuata mawingu ya mvua. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba kule Nagaland walikuwa wanategwa kwa nyavu makumi ya maelfu, ikawa kelele dunia nzima, na vijiji vyenyewe vikakubaliana kuacha, mwaka uliofuata nyavu hazikutandazwa.

Wanafunzi wanaweza, tena vizuri. Ila msitegemee mto wa ndege kama Batumi, kwetu bara ni pana wanasambaa, hakuna kinachowabana. Chagueni sehemu moja ya uwanja, Jumamosi hiyo hiyo kila wiki, saa nne mpaka saa saba mchana, maana asubuhi sana hewa bado baridi hawajapanda. Daftari moja, upepo, mawingu, watoto wangapi wanaangalia. Siku ambayo hakuna kitu andikeni sifuri. Watoto hawapendi kuandika sifuri, watakwambia mwalimu leo hatukufanya kitu, wakatalie, sifuri ndo kazi yenyewe. Na kwa kuwa mko karibu na Tsavo, ulizeni habari za Ngulia, hoteli iliyo ndani ya hifadhi, pale tangu 1969 watu wanawakamata ndege wadogo wanaohama usiku, ukungu ukishuka wanavutwa na taa za hoteli, wanafungwa pete ndogo mguuni na kuachiwa. Ni kazi tofauti na hii lakini msimu ni huo huo.

SWALI: Asalaam alaikum. Mimi dereva, Muscat, wazee wangu wa Unguja. Hapa jaa la taka nje ya mji, baridi ikianza wanakuja tai mamia wanakaa chini kama mbuzi. Nimewahesabu kwa kupenda tu, Jumatatu 200, Jumanne 210, Jumatano 190. Jumla 600. Nimepatia? Na wazee wanasema ndo yule mwewe wa Unguja anayenyakua vifaranga, kweli?

JIBU: Waalaikum salaam ami. Macho umepatia, jumla umekosea, na wala si kosa lako, ni kosa la kila anayeanza. Mlimani ndege anapita, leo kapita harudi, kwa hiyo leo ongeza na kesho. Jaani ndege anakaa. Tai wa Jumanne wengi ni wale wale wa Jumatatu wameshiba wamelala wameamka. Kwa hiyo hapo huongezi, unachukua siku iliyokuwa na wengi, unaandika 210 basi. Na ukiweza weka wakubwa mbali na vijana, kijana wa tai wa nyika ana mstari mweupe mpana chini ya bawa, unaonekana hata bila darubini.

Na ami, endelea, usiache. Tai wa nyika tangu 2015 yuko kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka. Nyaya za umeme zinawachoma huko nyika za kwao, maana nyika haina miti, nguzo ndo mti wao. Yule mwewe wa Unguja anayenyakua vifaranga ambaye wazee wako wanamzungumzia ni ndege mwingine kabisa.

SWALI: Boda, Kigamboni. Bro kwa heshima zote, hesabu ya mwewe inaleta unga?

JIBU: Unga haileti, bro. Ila sikiliza. Baada ya Vita vya Pili kule Marekani walikuwa wanapulizia DDT, dawa ya kuua wadudu, kila mahali, mashamba, mitaa, na mtu akiuliza anaambiwa haina madhara. Sasa pale Hawk Mountain daftari lilikuwa linaandika tai kichwa cheupe, yule wa kwenye nembo yao, mkubwa peke yake na kijana peke yake. Miaka ya 1935 mpaka 1939 vijana walikuwa asilimia 40. Miaka ya 1955 mpaka 1959, asilimia 20. Wazee wanapita kama kawaida, watoto hawapo. DDT ilikuwa inafanya ganda la yai kuwa jembamba, mama akilalia linavunjika. Rachel Carson, mwanabiolojia na mwandishi wa huko, alizitumia namba hizo kwenye kitabu chake cha 1962, mwaka uliofuata majimbo 48, ukitoa Alaska na Hawaii, yakawa yamebaki na jozi 417 tu za tai huyo, na 1972 DDT ikapigwa marufuku Marekani. 2007 tai akatolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Bila daftari la akina Broun la kabla ya DDT usingekuwa na cha kulinganisha nacho, na lile daftari lilipoanza hakuna aliyejua litakuja kuulizwa nini.

Lakini nisikudanganye, namba kushuka siyo kila mara msiba. Mwewe mkia mwekundu anapungua mlimani, na sababu mojawapo ni kwamba baridi za siku hizi si kali, wengine wanabaki huko huko kaskazini hawasafiri. Ndege yupo, safari ndo hakuna. Kipanga mdogo wa mashambani yeye anapungua kweli na wataalamu bado wanavutana kwa nini.

Na majibu ya harakaharaka kwa waliobaki. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, inatosha, zile kubwa mkono unatetemeka. Msielekeze kwenye jua, mtapofuka. Anga ya bluu isiyo na wingu ndiyo mbaya kuliko zote, ndege anayeyuka mle huoni kitu, ombea mawingu meupe nyuma yake. Mto wa kukalia ni lazima, mawe hayana huruma. Na wewe wa Mwanza uliyeuliza kama kunguru anahesabika, nimekuelewa ulikuwa unanitafuta, na jibu ni hapana.